Chiang Mai msimu wa taa: simulizi ya safari, Novemba 2024

Hii simulizi nimeidaiwa tangu Disemba. Majukumu yakanizidi, kila mtu akiniuliza nasema inakuja inakuja, sasa nimekaa na picha za kwenye simu na kidaftari changu ambacho nusu ya kurasa zake ni bei tu za vyakula na nauli. Nimeipanga kwa siku. Kwa hesabu za pesa, mimi nilikuwa nachukua bati 1 ya Thailand ni sawa na shilingi 78 hivi za kwetu Tanzania.

Kwa wasiojua kabisa: Thailand nzima wana usiku wa Loy Krathong, unaangukia mwezi mpevu wa mwezi wa 12 wa kalenda yao, kwa hiyo mara nyingi ni Novemba. Watu wanaweka mtoni vijichombo vya majani ya mgomba, ndo krathong zenyewe, vielee. Huko kaskazini, watu wa Lanna wana sikukuu yao ya taa inayoitwa Yi Peng, inaangukia usiku huohuo, na ndo hiyo yenye zile taa za karatasi zinazopaa. Chiang Mai, mji wa huko kaskazini, unazikuta zote mbili kwa pamoja, maji chini, moto juu. Mwaka 2024 ilikuwa Ijumaa tarehe 15 na Jumamosi tarehe 16.

Jumapili 10 Novemba, Bangkok

Nimesafiri na dada yangu mkubwa, yeye anafuata mzigo wa nguo kwenye soko la Pratunam miaka mingi, mimi nikadandia safari yake kwa sharti kwamba akimaliza kununua tunapanda wote kaskazini. Akakubali shingo upande. Alisema hivi: "Mdogo wangu, nimekuja Bangkok mara ngapi sijui, sijawahi kwenda popote zaidi ya sokoni na uwanja wa ndege."

Tukatua Suvarnabhumi mchana. Sasa hapa sikilizeni, nyie mnaotoka Tanzania, Kenya, Uganda na majirani: kabla ya foleni ya uhamiaji kuna dawati la afya, unaonyesha kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, unajaza fomu, wanagonga muhuri, NDO unaenda uhamiaji. Hamna mtu wa kukushika mkono akupeleke. Kaka mmoja mbele yetu, Mganda, alishapanga foleni karibu saa nzima, kufika dirishani akarudishwa kwenye dawati la afya akaanze upya. Dada yeye alinivuta tu shati, "twende huku," tukapita.

Viza nayo msiichukulie poa. Ubalozi wa Thailand unaotuhudumia Watanzania uko Nairobi. Kuanzia Januari 2025 maombi yote yamehamia mtandaoni, na tangu Mei 2025 kuna fomu nyingine ya kujaza mtandaoni ndani ya siku tatu kabla hujafika, ile ni bure, ukiona tovuti inakudai hela ujue umeingia kwa matapeli.

Treni ya uwanja wa ndege mpaka Phaya Thai, kituo cha mwisho, ni bati 45. Sisi tulishuka kituo kimoja kabla, Ratchaprarop, ukitoka nje tu uko Pratunam. Kwenye lifti ya hoteli nikasikia Kiswahili cha Lubumbashi, wamama wawili wanabishana kuhusu kilo. Nikawasalimia, wakacheka, mmoja akaniuliza kama nimekuja kufuata jeans. Nikamwambia nimekuja kuangalia taa. Akaniangalia kama mtu aliyechanganyikiwa.

Jumatatu na Jumanne

Nilibeba mifuko ya dada. Hayo mengine hayana hadithi.

Jumanne jioni tukaenda stesheni kubwa mpya, Krung Thep Aphiwat, ile ya zamani ya Hua Lamphong treni za mbali nyingi zimeshahama. Stesheni ni kubwa kupita kiasi, ukichelewa utakimbia mpaka ulie. Tumekaa kwenye viti, ilipogonga saa kumi na mbili kamili jioni wimbo wa taifa ukapigwa kwenye spika, na ukumbi mzima ukasimama, hadi wafagiaji wakasimamisha mifagio. Wimbo ukaisha, kila mtu akarudi kwenye simu yake. Hii ni kila siku, saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na nyie msimame tu, ni heshima.

Treni namba 9 inaondoka saa 12:40 jioni, inafika Chiang Mai saa 1:15 asubuhi. Daraja la pili la kulala, kitanda karibu bati 1,000, cha chini ghali kidogo kuliko cha juu kwa sababu kipana na kina dirisha. Mhudumu anapita anageuza viti kuwa vitanda, ndani ya dakika mbili tatu ameshatandika shuka na kuvuta pazia, nimemwangalia akifanya behewa zima sijachoka. AC inapiga baridi ya kufa mtu, bebeni sweta. Pombe hairuhusiwi. Na msimu wa sikukuu hii tiketi zinaisha mapema mno, sisi tulikata tangu tukiwa Dar.

Jumatano 13 Novemba, Chiang Mai

Kabla hatujafika treni ikapita handaki la Khun Tan, mita 1,352, limemalizika mwaka 1918. Niliamka makusudi. Kabla ya handaki ni milima na ukungu na migomba, ukitoka upande wa pili ni bonde, mashamba ya mpunga, na hewa imebadilika.

Nje ya stesheni kuna vigari vyekundu wanaita songthaew, pikapu ina mabenchi mawili nyuma yanatazamana na paa juu. Wenye umri wangu wa Dar mnakumbuka chai maharage? Basi ni chai maharage yenyewe, tofauti hii imepakwa rangi vizuri na hakuna mtu anayening'inia. Mnamwambia dereva mnaenda wapi, akikubali mnapanda, mkishuka mnalipa. Ndani ya mji bati 30 kila mtu, ila wageni wenye mabegi wanatajiwa mia, msikasirike, tajeni thelathini huku mnatabasamu.

Nyumba ya wageni tuliyobuku ikatuambia chumba hakipo. Yaani chumba kimoja kimeuzwa kwa watu wawili na wale wengine wamewahi. Mji umejaa, kila mlango tunaogonga wanatikisa kichwa. Dada keshavimba. Tukakaa kwenye kibaraza cha mama mmoja anayefua nguo kwa kilo, hatukumwomba kitu, yeye ndo akaleta maji ya barafu glasi mbili, akatuangalia, akachukua simu akaanza kupiga. Amepiga simu kama nne hivi. Mara akaja kijana na pikipiki, shemeji yake, kumbe ana chumba juu ya duka la vipuri, bati 600 kwa usiku, feni tu, choo safi. Tukamlipa mama kwa kumpa nguo zetu chafu zote, na bado alirudisha chenji.

Jioni tukazunguka mji wa kale. Chiang Mai ulianzishwa na mfalme Mangrai mwaka 1296, na mji wa kale ni mraba, umezungukwa na mfereji wa maji pande zote, huwezi kupotea. Kwenye lango la Tha Phae na pale sanamu ya Wafalme Watatu wametundika taa za karatasi mistari kwa mistari, nyeupe, njano, waridi. Ukielekea mtoni ndo unakuta kitu kingine. Mwanzoni mwa Oktoba mto Ping ulifurika vibaya sana, na kwenye kuta za maduka kule chini bado kuna mstari wa tope, mahali pengine unanifika kiunoni. Duka moja wamepaka rangi mpya juu ya mstari, chini wameacha. Lakini mbele ya mlango taa zimeshatundikwa.

Alhamisi 14 Novemba, Lamphun

Hii siku ndo nawashauri msiiruke. Lamphun ni mji mdogo kusini ya Chiang Mai, kilomita 26 hivi, una desturi yake ya taa: unanunua taa ya karatasi, unaandika jina lako au la mtu wako, wanaitundika hekaluni. Hairushwi. Inakaa pale.

Gari za kwenda huko ni songthaew za bluu, bati 30. Barabara ya zamani imepandwa miti ya yang pande zote mbili, ina umri wa zaidi ya miaka mia, imenyooka juu huko mpaka shingo inauma, na kila mti umefungwa kitambaa cha rangi ya majoho ya watawa ili mtu asithubutu kuukata. Katikati ya miti hiyo tairi likapasuka. Dereva hana jeki. Tukashuka, bibi mmoja aliyekuwa na kikapu akatoa machungwa akaanza kugawa kwa abiria wote, na mimi nikapewa mawili labda kwa sababu ya urefu. Songthaew nyingine ikasimama, ikatoa jeki, na dereva wake akabaki kusaidia mpaka mwisho huku abiria wake wenyewe wamekaa wanasubiri, hakuna aliyelalamika. Ilichukua nusu saa na ushee.

Hekalu la Wat Phra That Hariphunchai lina mnara wa dhahabu katikati, mita 46, na kuuzunguka wamejenga fremu za mianzi zilizojaa taa, unatembea chini yake kichwa kinagusa vikaratasi vya majina. Maelfu. Upepo ukipita vile vikaratasi vyote vinageuka kwa pamoja na vinatoa mlio wa karatasi. Nilikaa pale muda mrefu nikiangalia mzee mmoja wa hekalu akitundika kwa fimbo yenye ndoano: anainua, anatafuta uzi, anakosa, anashusha, anainua tena, hana haraka. Mwanamke aliyemletea taa amesimama pembeni kafumba macho.

Mabega na magoti yafunikwe hekaluni, viatu mnavua mlangoni. Dada kwa baibui yake hakuwa na tatizo lolote, akawa anawaona wazungu wanakodishiwa khanga za kujifunga mlangoni, akacheka kimoyomoyo.

Ijumaa 15 Novemba, siku yenyewe

Asubuhi tukaenda soko la Ban Ho, ni Ijumaa tu asubuhi, linafanyika ng'ambo ya msikiti wa Ban Ho karibu na Night Bazaar. Msikiti ni wa Waislamu wenye asili ya Yunnan, China, mababu zao walikuja na misafara ya nyumbu. Milango imeandikwa Kichina, Kithai na Kiarabu. Sokoni wanauza nyama ya ng'ombe iliyokaushwa inaning'inia vipande virefu, maparachichi, majani ya chai, tofu ya njano ya Washan, na SAMBUSA. Dada alinunua sambusa kabla hata hajauliza bei. Nyama, kitunguu, pilipili kidogo. Akala tatu amesimama ndo akasema, "haya, sasa naweza kuangalia hizo taa zako."

Tukasali Ijumaa hapo, wanawake wana sehemu yao. Baada ya salaam mzee wa pembeni yangu, kofia nyeupe, ndevu chache, akaniuliza "Africa?" Nikamwambia Tanzania. Akanishika mkono hakuuachia mpaka tumefika mgahawani kwenye uchochoro huohuo, akaita na dada, akatuagizia khao soi. Ni tambi za mayai kwenye mchuzi wa tui la nazi na bizari, juu wanaweka tambi za kukaanga zinazokatika mdomoni, pembeni kitunguu kibichi, limao na majani yaliyochachushwa. Yetu ilikuwa ya nyama ya ng'ombe. Tumeongea kwa programu ya kutafsiri kwenye simu yake, anazungumza, simu inatoa Kiingereza cha ajabu, tunacheka wote. Nilimuuliza yeye usiku anakwenda mtoni? Simu ikajibu: "I go to sell water." Na kweli mjukuu wake alikuwa na meza ya maji na soda karibu na daraja. Kulipa alikataa katakata, nilipoingiza mkono mfukoni akanipiga kofi dogo la mkono.

Chakula cha halali kwa hiyo si shida Chiang Mai, ila jueni chakula cha mitaani kingine kina nguruwe hata pale msipotegemea, soseji ya sai ua ni nguruwe.

Jioni. Kuanzia saa kumi na mbili barabara ya kwenda daraja la Nawarat huwezi kupita kwa gari, mnatembea tu na umati. Krathong zinauzwa kila hatua, bati 40, 60, mpaka mia. Nilisimama kwa binti aliyekuwa anazitengeneza: anakata kipande cha shina la mgomba unene wa vidole vitatu, anakunja jani pembetatu, anabana kwa kipini, jingine, jingine, mpaka duara limekamilika, halafu maua ya njano ya marigoldi, udi vijiti vitatu, mshumaa. Kuna za mkate pia, samaki wale. Wengi wanaongeza sarafu, wengine kipande cha ukucha au unywele, bahati mbaya iende na maji. Na wanamwomba radhi Mae Khongkha, mungu wao wa maji, kwa mwaka mzima wa kuyatumia na kuyachafua. Mwaka huu, na yale matope ukutani, nadhani maneno yalikuwa mengi.

Sisi hatukuweka krathong majini. Ni ibada ya watu, na sisi tuna yetu, hilo tulishakubaliana tangu Dar na halikutuharibia kitu. Tukakaa kwenye ngazi za ukingoni tunaangalia. Chini kidogo ya mto vijana wamesimama majini mpaka kifuani wanachota sarafu kwenye krathong zinazopita, kila mtu anaona na hakuna anayefukuza.

Taa za kupaa ndani ya mji haziruhusiwi ovyo, kuna usiku wake na saa zake, kwa sababu ya ndege na moto. Ndege za jioni siku hizo zinafutwa au zinasogezwa, kwa hiyo MSIKATE tiketi ya ndege ya usiku kuingia wala kutoka Chiang Mai siku za sikukuu. Ikaanza moja, nne, baadaye hazihesabiki. Pembeni yetu kulikuwa na familia, baba, mama, bibi na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto kaamka analia, mama kamwachia baba taa peke yake, na upepo unaikunja. Baba akanigeukia akaonyesha ukingo kwa kidevu. Nikashika.

Kile kitu ni chepesi mno. Karatasi nyembamba, duara la mwanzi chini, waya mbili zimekatana katikati, na kidonge cha nta. Unaposhika unaanza kuhisi joto kwenye vidole, halafu karatasi iliyolegea inajaa polepole inakaza, dakika moja, mbili, na baba ananiambia kwa macho bado, bado. Nikaona inavuta. Kama mtu anakunyang'anya kitu kwa adabu. Akasema neno, tukaachia, ikapita karibu sana na tawi, bibi akapiga kelele, ikakwepa, ikaenda. Bibi alinishika mkono akacheka mpaka machozi. Dada alikuwa anarekodi, video nzima ni ya kiwiko changu.

Sasa la moyoni. Kuna maonyesho ya tiketi nje ya mji, watu maelfu wanarusha taa kwa mpigo mmoja, ndo zile picha mnazoziona mtandaoni. Bei zinaanzia bati elfu nne tano na zinapanda kutegemea kiti. Tulikutana na wanandoa walioenda, walisema ni pazuri na mabasi ya kurudi yaliwafikisha saa nane usiku. Sina ugomvi nao. Ila pale umekaa kwenye mkeka wenye namba, na mtu wa kipaza sauti anakwambia lini uachie. Mtoni hatukulipa kitu zaidi ya maji ya yule mjukuu, na bibi wa watu alinishika mkono.

Mabaya ya mtoni pia niyaseme: fataki. Vijana wanazirusha chini chini katikati ya watu, mlio unapasua masikio, dada alikanyaga moja ikiwa bado inatoa cheche. Vaeni viatu vya kufunika, na nguo za nailoni acheni chumbani.

Jumamosi 16 Novemba

Asubuhi mto una sura nyingine. Wafanyakazi wa manispaa wanavua krathong kwa nyavu wanazirundika, na juu ya nyaya za umeme kuna mifupa ya taa, mianzi na waya vimening'inia. Mmoja umedondoka juu ya bati la chumba chetu. Nilimwonyesha mwenye nyumba, akaenda nao dukani kwake, alisema waya ni mzuri kufungia.

Jioni kuna maandamano ya krathong kubwa kutoka Tha Phae, magari yamepambwa, mabinti wamevaa vitambaa vya Lanna, foleni ndeeefu, nusu saa inatosha. Kilichonikaa zaidi ni vichochoro vya ndani ya mji wa kale, watu wamepanga vijibakuli vya udongo vyenye nta na utambi kwenye kizingiti na juu ya ukuta, wanaviita phang prathip. Mama wa kufua naye alikuwa amepanga vyake, paka kakaa katikati. Akatuona akatuita, akampa dada kibiriti kwa sababu viwili vilikuwa vimezimika na yeye mgongo unamuuma. Dada akainama akaviwasha, akaomba picha na paka.

Jumapili 17 na kurudi

Basi la usiku kutoka stendi ya Arcade mpaka Bangkok, kama bati 700, masaa kumi ya barabarani, wanagawa biskuti na blanketi. Nililala yote.

Gharama ya Chiang Mai kwa mtu mmoja, bila ndege ya kutoka Dar: treni 1,000, basi 700, chumba nusu yangu 300 kwa usiku, chakula 250 kwa siku na hapo nilikula kwa raha, songthaew sikufikisha 300 kwa kaskazini yote. Tarehe inafuata mwezi mpevu, mwaka 2025 ilikuwa Jumatano tarehe 5 Novemba, kwa hiyo mwenye nia aangalie ya mwaka wake, atafute tiketi ya treni mapema na chumba athibitishe kwa simu, si kwa ujumbe tu.

Dada, uwanja wa ndege kilo zilizidi sita. Mzigo wa nguo alishaukabidhi kwa wakala, kilichozidisha ni nyama kavu ya Ban Ho na taa za karatasi za kukunja alizozificha chini ya begi LANGU. Tukalipa nusu kwa nusu. Bado ananidai ile ya kwake.